Damu Si Chafu

Nyasura, Bunda
17 Februari 2019

Baba mdogo, Mwalimu Apolinary,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mama mdogo. Huku Nyasura tupo, tunapumua, cherehani inanguruma na watoto wanakula. Ulezi mliotutumia tuliupokea, ila Paschal, huyu anayetubebea mizigo na barua, aliushikilia mapajani mpaka akanywa vikombe vitatu vya chai ndipo akautua. Huyo mtu anabeba mizigo ya watu kama mfalme.

Naandika kwa kalamu kama ulivyoagiza, maana juzi nilipokupigia simu nikakwambia, "Boniphace anaumwa," ukanijibu, "Na huku imenyesha." Nikakata. Masikio yako ni kesi nyingine, baba mdogo, na meseji unasema macho hayazioni. Haya, barua basi.

Mdogo wangu Boniphace figo zake zote mbili zimekufa. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nasubiri mtu aniambie wamekosea kupima. Hawajakosea. Ilikuwa presha iliyomla kimyakimya, na yeye kijana wa miaka ishirini na saba nani angemwambia akapime presha? Alikuwaga fundi pikipiki, unamjua, mikono haikauki oili. Sasa spana zake ziko kwenye ndoo uvunguni mwa kitanda changu. Tangu Novemba kila Jumanne na kila Ijumaa anaenda Mwanza, maana ndiko tulikoambiwa kuna mashine ya karibu. Wanamlaza, wanamuunganisha, damu inatoka mwilini inapita kwenye mashine, inasafishwa, inarudi. Siku hiyo anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Kesho yake analala. Kwa wiki ana siku mbili tatu za kuwa mtu.

Pale stendi ya Bunda alfajiri tukaanza kujuana kwa miguu. Unamwona mtu amevaa kandambili kwenye baridi kwa sababu viatu havimwingii, unajua huyu ni mwenzetu. Tulikuwa sita, tukajiita Umoja wa Figo. Mwezi jana tukaenda ofisi ya mkoa kule Musoma kuomba mashine ziletwe mkoani kwetu. Afisa aliyetupokea hakutufukuza. Alisema, "Mama, siwezi kupeleka juu machozi. Nileteeni majina ya wagonjwa, umri, kijiji na saini. Wakiwa wengi, ombi lina miguu."

Ndiyo maana nakuandikia. Umefundisha nusu ya Butiama. Wewe ukisema saini, mtu anasaini kabla hajauliza. Karatasi naambatisha. Juu nimeandika OMBI LA MASHINE ZA KUSAFISHA DAMU, na namba moja ni Boniphace. Tafadhali, baba mdogo. Akikosa mashine wiki mbili anakufa, daktari alituambia hivyo bila kuzunguka.

Mwanao,
Robi


Mwitongo, Butiama
6 Machi 2019, Jumatano ya Majivu

Binti yangu Robi,

Marahaba, na mama yako mdogo anasema marahaba mara mbili. Sisi ni wazima, ukiacha magoti. Mvua ilianza vizuri kisha ikatukimbia, mihogo ndiyo inatutazama. Wageni wanapita kama kawaida kutembelea makaburi na makumbusho, wananiuliza njia, nami nawajibu swali nililodhani wameuliza. Nimeona "alikuwaga" katika barua yako. Nilikufundisha darasa la nne mimi mwenyewe. "Alikuwa" inatosha, haihitaji mkia.

Habari kubwa ni ya mdogo wako Esther. Amepata mchumba, kijana wa Kibara, mvuvi mwenye boti yake na shamba. Wazee wao walikuja wiki iliyopita kuanza mazungumzo ya mahari.

Habari za Boniphace zimeniuma. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nilimbeba siku ya ubatizo wake. Lakini karatasi yako, Robi, imeniletea balaa. Nilimpa mwenyekiti wa kitongoji aisome, naye akaisoma kwa sauti pale kwenye mashine ya kusaga. Unajua huku kwetu nani husafishwa damu? Mwenye damu chafu. Na damu chafu ni ama ugonjwa wa aibu, ama ukoo wenye laana. Hakusaini mtu. Waliondoka mmoja mmoja wakikumbuka mbuzi wao.

Haikuishia hapo. Wazee wa Kibara walipokaa sebuleni kwangu, mkubwa wao aliinama akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli kwenu kuna mtu anasafishwa damu?" Mbele ya Esther aliyeshika trei ya chai! Nilijibu hapana, nikainuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo naomba uondoe jina la Boniphace katika karatasi hiyo, angalau mpaka mambo ya Esther yaishe. Mtoto mwenyewe mlete huku apumzike, anywe maziwa, apate upepo. Mwanza itamchosha mpaka imuue.

Ni mimi baba yenu,
Apolinary


Nyasura
15 Machi 2019

Baba mdogo,

Shikamoo, na pongezi kwa Esther. Mwambie nitamshonea gauni la kuagwa, asikubali la kukodi. Watoto wangu wazima. Mkubwa kafaulu hesabu, sijui karithi kwa nani.

Sasa nisikilize, na kama nakosa adabu unisamehe baadaye. Jina siliondoi. Nikiliondoa la ndugu yangu, nitamwomba nani la kwake? Unafikiri huku hawakimbii? Juzi mama mmoja hapa Nyasura, mumewe tunapanda naye gari moja kwenda Mwanza, alishika kalamu, akasoma kichwa cha karatasi, akairudisha kalamu kama imemuunguza. Akasema, "Nina mabinti, Robi." Kwa hiyo nakuelewa. Ila mabinti wake wataolewa bila baba, na hilo hakulisema mtu.

Ijumaa iliyopita gari liliharibika njiani, tukafika Mwanza usiku, zamu imeisha. Mpaka Jumatatu ndipo alipopata mashine. Laiti ungemwona Jumapili ile! Mtu wa figo akikosa mashine haendi choo kidogo, maji yote yanabaki mwilini. Uso ulimvimba, macho yakawa mistari tu, akalala ameketi kwa sababu akilala chali anazama kwa ndani. Mimi nilikaa naye namshika mkono na kumtukana dereva.

Boniphace mwenyewe amesema anataka kuja kwako wiki chache. Amechoka kuniona nikimtazama. Nimekubali, kwa masharti. Kutoka huko atakuwa anaenda Mwanza Jumanne na Ijumaa vilevile, atapanda gari linalotoka Musoma. Chumvi kidogo, dagaa wa chumvi asionje. Maji kikombe kimoja asubuhi kimoja jioni. Na ukimwona anavimba, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Tumeelewana?

Majina tumefikisha kumi na tisa.

Robi


Mwitongo, Butiama
7 Aprili 2019

Binti yangu Robi,

Salamu nyingi kutoka huku. Mama yako mdogo amevuna kunde, Esther yuko Musoma kwa kozi yake ya upishi, nyumba imekuwa kimya hata mimi naisikia. Mvua imerudi. Na Boniphace ameleta uhai hapa nyumbani, ametengeneza baiskeli yangu iliyolala tangu nistaafu.

Robi, nina habari njema, na nimengoja niwe na uhakika ndipo niandike. Mwisho wa mwezi uliopita nilikwenda mnadani kuangalia bei ya ndama. Kulikuwa na muuza dawa mwenye spika, na sikutanii, hiyo spika ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia vizuri tangu mwaka jana. Alisema, "Inasafisha damu! Inaamsha figo!" Maneno yako yale yale, binti yangu, neno kwa neno. Nikamsogelea, nikasoma karatasi ya chupa: KUSAFISHA DAMU. Nikajiuliza, kama kinachofanyika ni kile kile, kwa nini mtoto wetu achomwe sindano nene kama za ng'ombe, safari mbili kila wiki, na ukoo mzima usemwe?

Tangu tarehe ishirini na tisa Machi hajakwenda Mwanza. Anakunywa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Nilimsihi asikwambie kwanza, tukufanyie furaha. Naye alikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Alisema, "Nimechoka, baba mdogo, nimechoka sana." Sasa analala mpaka jua linapanda, hana haraka ya gari. Na amenenepa! Mashavu yamejaa, mikono imejaa, kama alivyokuwa mtoto. Mama yako mdogo anasema ni maziwa, mimi nasema ni dawa, tunagombana kwa furaha.

Chupa ikiisha nitanunua nyingine. Unaona sasa jina lake linaweza kutoka kwenye karatasi bila kumkosea mtu.

Baba yenu mwenye furaha,
Apolinary


Nyasura
29 Aprili 2019

Kwa Mwalimu Apolinary,

Barua hii haina salamu.

Pale makaburini sikusema na wewe, na wewe hukunifuata. Nakuandikia kwa sababu kuna vitu hujui na ninataka uvijue.

Paschal alipokea barua yako tarehe nane. Tarehe tisa akapata msiba Kibara, akaenda nayo kwenye mfuko wa koti, akakaa huko mpaka matanga yakaisha. Mimi siku zote hizo nampigia Boniphace. Kila Jumanne, kila Ijumaa. "Umefika, mdogo wangu?" Ananijibu, "Nimefika, dada, wananiunganisha sasa hivi." Nilikuwa namwamini. Sauti ilikuwa inakatika pumzi, nikadhani mtandao.

Barua yako niliipata Jumanne tarehe kumi na sita saa sita mchana. Nilisoma "amenenepa." Nilisoma "mashavu yamejaa." Nilikuandikia mimi, kwa mkono wangu huu, kwamba maji hubaki mwilini, kwamba uso huvimba! Mwalimu mzima, umesoma, umefundisha watu kusoma! Niliacha kitambaa cha mteja chini ya sindano nikatoka pekupeku mpaka barabarani.

Kwako nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amekumbatia mto, hawezi kulala. Wewe ulikuwa nje unamchinjia kuku. Nilimwingiza kwenye gari la kukodi. Hatukufika hata Bunda. Alikuwa ameegemea bega langu, anavuta pumzi kama anavuta kamba ndefu kisimani, halafu kamba ikaisha. Nilimwambia dereva aendelee tu. Nilikuwa naogopa gari likisimama itakuwa kweli.

Nina swali moja. Sitaki mvua, sitaki mihogo, sitaki habari za mahari. Nijibu hili tu. Katika siku zile zote, Boniphace alikuomba umpeleke Mwanza, au hakukuomba?

Robi


Mwitongo, Butiama
20 Juni 2019

Robi,

Barua hii nimeianza mara nane. Mara zote nilianza na habari za mvua, nikakumbuka ulichosema, nikachana.

Ndiyo. Aliniomba.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Tulikuwa tumetoka kanisani, yeye alibaki nyumbani kwa sababu viatu havikumwingia. Akaniambia, "Baba mdogo, nipeleke Mwanza." Nilimsikia. Nimekuwa nikijidanganya kwamba sikusikia, maana masikio yangu ni mabovu na kila mtu angekubali. Nilimsikia kabisa. Nikamwambia, "Chupa imebaki kidogo, tuimalize, tutakwenda baada ya Pasaka." Hakubishana. Alisema sawa, baba. Mimi ndiye niliyemnywesha, mimi ndiye niliyemzuia, na hakuna mtu mwingine wa kusukumiwa hili. Yule muuza dawa nilimtafuta minada mitatu, hayupo. Hata ningempata ningemwambia nini? Yeye aliuza maneno, mimi ndiye niliyeyanunua.

Kuna jambo lingine na ni lazima ulijue, hata kama utanichukia zaidi. Wazee wa Kibara walirudi mwezi huu kutoa pole. Yule mkubwa wao alikaa karibu yangu, upande wa sikio zima, akaniambia aliumia sana mara ile nilipomjibu hapana. Mdogo wake wa tumbo moja amevimba miguu tangu mwaka jana. Alikuwa amesikia kwamba kwetu kuna mtu anasafishwa damu, akataka kujua ni wapi na wanapitia njia gani. Alikuwa ananiuliza njia, Robi! Mimi nikasikia tusi. Nilimtoa mtoto wetu sadaka kwa aibu ambayo hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa mimi. Yule mdogo wake mzee amezikwa Mei.

Mahari sijapokea. Esther haongei nami zaidi ya chakula kiko tayari.

Nifanye nini na mikono hii? Jumapili mbili zilizopita nilimwomba katekista nafasi baada ya matangazo. Nilisimama nikawaambia watu kama nilivyokuandikia hapa, bila kupunguza. Halafu nikawaonyesha chujio la chai la mama yako mdogo lililozibwa na majani. Nikasema chai haina kosa, chujio limeziba. Damu ya Boniphace ilikuwa safi kama yenu, kilichokufa ni chujio, linaitwa figo, na huko Mwanza kuna mashine inayofanya kazi ya chujio. Bibi mmoja alinyanyua gauni kidogo akaonyesha miguu yake hapo hapo kanisani. Halafu mwingine. Wako wengi, Robi. Walikuwa wamevaa sketi ndefu tu.

Ushauri wa mwalimu wa Kiswahili, uupokee au uutupe: ondoa "kusafisha damu" kwenye karatasi. Andika MASHINE ZA FIGO. Na kama una mtu wa kupima, mlete.

Sikuombi msamaha kwa sababu sijui nianzie wapi kuuomba.

Apolinary


Nyasura
1 Julai 2019

Baba mdogo,

Nimesoma. Nilisoma nikaenda kumwaga maji ya kufulia, nikarudi nikasoma tena. Nilijua jibu. Kitu kibaya ni kwamba nilitaka useme hapana, hata kama ni uongo.

Kwa sasa nakuandikia ya kazi.

Maneno tumebadilisha. Nimechapisha karatasi mpya, juu tumeandika MASHINE ZA FIGO, na yule mama wa Nyasura mwenye mabinti amesaini. Mumewe alifariki Juni, amesaini hivyo hivyo na kulia. Wale sita wa stendi tumebaki watatu. Majina ni thelathini na nne. Musoma wameniambia orodha iwafikie kabla ya katikati ya Agosti.

Silasi, muuguzi wetu wa Umoja, atakuja Butiama Jumamosi tarehe ishirini Julai. Atakuwa na kipimo cha presha na vijiti vya kupima mkojo, na wale wenye dalili atawatoa damu kidogo akapime hapa Bunda. Muandalie kivuli, meza na choo chenye mlango. Watu hawawezi kujisaidia kwenye kikopo huku wanatazamwa. Tangaza mnadani pia. Kama mtu mmoja aliweza kusimama pale na spika, na wewe unaweza.

Mimi sitakuja. Sijaweza kupita njia ile.

Robi


Mwitongo, Butiama
28 Julai 2019

Binti yangu Robi,

Nashukuru kwa kuniita baba mdogo. Nililiona.

Tuko wazima. Esther alitusaidia siku ya kupima tangu asubuhi, yeye ndiye aliyeandika majina, na alinisemesha maneno ambayo hayakuwa ya chakula.

Silasi wako ni kijana wa kazi. Nilitangaza mnadani minada miwili mfululizo. Nilikodi spika, na kwa kuwa siisikii sauti yangu mwenyewe, watu wanasema nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakakata kamba. Nilipimwa wa kwanza kuwaonyesha kwamba hakuna cha kuogopa. Baada yangu wanaume watano walisema wanakwenda kufunga mbuzi, nikawaambia nyie mbuzi wenu nawajua tangu darasa la kwanza, rudini. Wakarudi. Walipimwa watu mia na kumi. Mzee mmoja alileta mkojo wa mkewe kwenye chupa ya soda akidai ni wake, tukacheka, Silasi akamrudisha chooni na kikopo kipya. Ni mara ya kwanza kucheka tangu Aprili, nikaona aibu.

Baada ya cheko ikaja kazi. Silasi amerudi jana na majibu ya damu. Wenye figo zilizokwisha kuharibika na wanaotakiwa hospitali kubwa haraka ni thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja, Robi, kutoka vitongoji vichache tu. Baadhi ni wanafunzi wangu, nimewaona wakiota meno. Nimepita nyumba kwa nyumba kuchukua saini, na wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Hakuna aliyekataa. Orodha hii hapa, nimeipanga kwa vitongoji, mwandiko umetetereka kidogo lakini unasomeka. Ipeleke Musoma.

Na uwahimize wasichelewe. Watu hawa hawana muda.

Baba yenu,
Apolinary


Nyasura
9 Agosti 2019

Baba mdogo,

Shikamoo. Shikamoo kwa mama mdogo, na Esther mwambie gauni nimeshalikata, aje apimwe kiuno kabla hajanenepa kwa furaha.

Orodha niliipeleka Musoma mwenyewe jana kutwa, ingawa ilikuwa sikukuu, nikamsubiri yule afisa nyumbani kwake mpaka akatoka na kandambili. Majina sitini na tano pamoja na ya Butiama. Aliyasoma yote, hakuruka hata moja, na leo asubuhi amegonga muhuri. Amesema ameridhika, ombi sasa lina miguu, litaingia kwenye maombi ya mwaka ujao wa fedha. Nikamuuliza mwaka ujao wa fedha unaanza lini. Akasema Julai. Leo ni Agosti, baba mdogo. Nilihesabu kwa vidole pale pale mbele yake, akainamisha kichwa. Si mtu mbaya. Kesho tunakaa Umoja, tutaandika barua nyingine, ya kwenda juu zaidi, na nyingine baada ya hiyo. Sitanyamaza mpaka wanichoke.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo.

Wakati afisa anasoma, nilikuwa nafuatisha kwa kidole. Mwitongo, namba ishirini na mbili. A. Wambura, mwanaume, miaka sitini na nane, mkulima. Mkulima! Saini ile ile yenye mkia uliyokuwa unaweka kwenye ripoti yangu ya shule. Afisa aliendelea kusoma ishirini na tatu, ishirini na nne, mimi nilibaki pale pale.

Nimempigia Silasi. Alitaka kukulinda, nikamtishia, akasema. Kwamba wewe ndiye ulikuwa wa kwanza na majibu yako ndiyo mabaya kuliko yote. Kwamba alikuandikia rufaa ya kwenda Mwanza siku ile ile, ukaikunja ukaiweka mfukoni, ukamwambia utakwenda wengine wakishakwenda. Kwamba miguu yako imevimba tangu kabla ya Pasaka. Ulikuwa unaumwa ugonjwa ule ule ukiwa unamnywesha Boniphace dawa, na wewe ukawa unakunywa naye, kijiko kwako kijiko kwake. Kurasa zote zile ulizoniandikia, mvua, magoti, baiskeli, spika, ng'ombe kukata kamba, hukupata nafasi ya mstari mmoja?

Najua unachofanya. Unajihukumu. Unaona ni haki yako kufa kama alivyokufa yeye. Usinifanyie hivyo! Hukumu ni yangu, mimi ndiye niliyefiwa na ndugu, na mimi sijakuhukumu hiyo. Sijakusamehe pia. Nitakwambia siku nikikusamehe, na nataka siku hiyo uwe unasikia, hata kwa sikio moja.

Barua hii ameibeba Paschal leo leo, na mke wake anajua, akikaa nayo hata saa moja atalala nje. Jumanne tarehe kumi na tatu panda gari la kwanza. Vaa kandambili, usione haya, stendi nzima imevaa kandambili. Chukua rufaa yako, kadi yoyote ya hospitali uliyonayo, na shuka moja. Mimi nitakuwa Bunda stendi tangu saa kumi alfajiri. Usiponiona usigeuke kurudi, nitakuwa dirishani nakata tiketi mbili.

Robi